Nani ataongoza rozari ya bibi?

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Jioni hii tunamzungumzia bibi wa Kifilipino aliyehamia Marekani, na hasa siku zinazofuata kifo chake. Kwa Kitagalog bibi ni lola. Mjukuu akiingia nyumbani huuchukua mkono wa lola, akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe na kusema "mano po". Ninyi mliolelewa na shikamoo hamhitaji maelezo zaidi ya hapo.

Alifikaje Marekani? Mwaka 1934 sheria ya Marekani iliwawekea Wafilipino nafasi 50 tu kwa mwaka. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ikafungua mlango kwa wenye taaluma na kwa familia. Wakaenda wauguzi wengi, mabinti zao lola hawa. Binti akishapata uraia aliweza kumwombea mzazi wake, na wazazi wa raia hawakuhesabiwa kwenye viwango vya kila mwaka, ilhali kaka na dada wakisubiri foleni inayofika miaka 20 na zaidi. Ndiyo maana lola wengi walifika tayari wakiwa watu wazima, wakalea wajukuu huku binti yuko zamu ya usiku. Mfano mmoja wa miji walikokwenda ni Daly City, kusini mwa San Francisco, ambako takriban theluthi moja ya wakazi ni wa asili ya Kifilipino.

Pamoja na sanduku lake, lola alikuja na kazi ya kuongoza sala, kazi ambayo nyumbani hakuna aliyeiita kazi. Yeye ndiye aliyejua rozari ya marehemu kwa Kitagalog bila kitabu. Jirani akifiwa, aliitwa yeye. Sasa amekufa yeye, na sebule imejaa watu wanaotazamana. Hapo ndipo kumbukumbu ya lola inapoponea au kupotelea, na ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Ibada yenyewe inaitwa pasiyam, kutokana na siyam, yaani tisa. Ni usiku tisa wa sala nyumbani. Ugomvi wa kwanza huwa ni wa hesabu. Wengine huanza kuhesabu tangu siku ya kifo, wengine tangu maziko. Marekani maziko yanaweza kukawia wiki moja au mbili, kwa hiyo kuanza siku ya kifo ni salama zaidi, ila mkubali kwamba usiku wa tisa unaweza kupita kabla ya jeneza kushushwa. Halafu amueni kama siku ya kifo ni ya kwanza au haihesabiwi. Aliyefariki tarehe 3 Machi, siku hiyo ikihesabiwa, usiku wake wa tisa ni 11 Machi na arobaini yake ni 11 Aprili. Isipohesabiwa, kila kitu kinasogea siku moja, na shangazi aliyeko Cebu, Ufilipino, atawasha mshumaa peke yake. Andikeni tarehe kwenye karatasi moja, wote waitumiwe usiku wa kwanza.

Altare ni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, picha ya marehemu, na mara nyingi Santo Niño, Mtoto Yesu mwenye taji na joho jekundu, ambaye sanamu yake ya kale ilifika Cebu na Magellan mwaka 1521. Mshumaa uwe ndani ya glasi, mbali na pazia na mbali na picha. Sala huchukua karibu dakika 40, na mshumaa mrefu ulio wazi huinama kabla ya litania, yale maombi mafupi yenye kiitikio, kwisha.

Sasa rozari yenyewe. Ni makumi matano ya Salamu Maria kama yenu, lakini mwisho wa kila kumi, badala ya Atukuzwe Baba, husaliwa Raha ya milele. Kwenye litania, penye "Ipanalangin mo kami" husemwa "Ipanalangin mo siya". Neno moja tu limebadilika, kami likawa siya, "sisi" likawa "yeye". Kiswahili kinafanya jambo hilo hilo kwa silabi moja: utuombee, umwombee. Na siya, kama yeye yetu, haibagui mume na mke, hivyo kijitabu kilekile kilichotumika kwa babu kinatumika kwa bibi bila kugusa herufi. Kosa la kawaida ni ulimi kurudi kwenye mazoea. Ifikapo mstari wa kumi nusu ya sebule imesharudia kami. Kiongozi asisimame kuwasahihisha. Mpangeni mtu mmoja mwenye sauti kavu mbele, aitikie siya mpaka mwisho, na wengine watamfuata.

Kabla ya kunakili kijitabu, ulizeni lola alisali kwa lugha gani. Tagalog, Ilokano, Cebuano na Hiligaynon ni lugha mbalimbali kweli, si lahaja. Lola wa Ilocos, kunakosemwa Ilokano, kuombewa kwa Kitagalog si dhambi, lakini hiyo siyo sala aliyoisali maisha yake yote. Kama angali hai, mrekodini kwenye simu rozari nzima, pamoja na sala za mwisho, kwa sababu hizo ndizo zinazopotea kwanza. Wajukuu waliozaliwa Marekani wagawiwe kumi moja moja. Mtoto asiyejua lugha anaweza kuongoza Salamu Maria kumi akiandikiwa maneno kwa matamshi, na akifika usiku wa tano hasomi tena.

Ndugu wa Manila watataka kuungana kwa mtandao. Saa 1 usiku Ijumaa huko Daly City, wakati wa majira ya joto, ni saa 4 asubuhi Jumamosi Manila. Majira ya baridi inakuwa saa 5. Basi, kwa kuwa matendo ya rozari hufuata siku ya wiki, upande mmoja ni siku ya Matendo ya Uchungu, upande wa pili ni ya Furaha. Fuateni siku ya nyumba yenye altare, yaishe. Tatizo kubwa zaidi ni sauti kuchelewa: watu 30 wakiitikia pamoja, sala inageuka makelele. Zimeni vipaza sauti vyote, abaki kiongozi na mwitikiaji mmoja. Na mkumbuke kwamba akaunti ya bure ya Zoom hukata kikao dakika ya 40, pengine katikati ya litania.

Usiku wa tisa kuna chakula, na mara nyingi kuna biko, wali wa kunata wa nazi. Watu wa pwani mtaujua upesi. Chukueni vikombe vitatu vya mchele wa kunata, mpike kwa maji kiasi hichohicho yakipungua kidogo. Pembeni chemsheni tui, makopo mawili ya mililita 400, pamoja na vikombe viwili vya sukari ya kahawia na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mpaka liwe zito kama asali. Tieni wali, koroga kwa moto mdogo mpaka uachane na sufuria. Anayetia sukari mchele ukiwa mbichi atakula punje ngumu, maana sukari huuzuia mchele kunywa maji. Juu hunyunyizwa latik, chembe za kahawia zinazobaki tui zito likichemka hadi kutoa mafuta, na mafuta hayo ndiyo hupakwa kwenye jani la mgomba. Tui la kopo lenye kishikanishi, yaani kiungo cha kushikanisha mafuta na maji, halijitengi hata likichemka saa nzima, kwa hiyo someni lebo.

Kuhusu kaburi nitasema machache. Wengi wa eneo la Daly City huzikwa Colma, mji jirani wa makaburi, ambako makaburi ya Kikatoliki ya Holy Cross yapo tangu 1887. Wanaochoma mwili wajue kwamba Kanisa, lililoruhusu jambo hilo mwaka 1963, halikubali majivu kutawanywa. Tangu Desemba 2023 sehemu ndogo sana inaweza kutunzwa mahali palipokuwa na maana kwa marehemu. Mkisafiri na majivu kwenda Ufilipino, tumieni chombo cha mbao au plastiki, kwa kuwa mashine ya uwanja wa ndege haioni ndani ya chuma.

Misa ya arobaini na ya mwaka mziwekee nia mapema parokiani, wiki ileile ya maziko, kwa sababu kalenda hujaa. Mwaka ukitimia ni babang luksa, kushusha msiba: pini nyeusi iliyovaliwa kifuani inatolewa baada ya sala.

Na rozari yake ya zamani, ile ya shanga zilizolainika kwa vidole, msimfunge nayo mikononi. Kwa mila, iliyo mikononi mwa marehemu hukatwa kabla jeneza halijafungwa, ili kifo kisivute kingine. Nunueni nyingine ya kukatwa. Ya lola apewe mjukuu atakayeongoza usiku wa tisa.