Kocha wa Shule Hangojei Kupandishwa Daraja

(Mhadhara kwa walimu wa michezo na makocha wa vijana, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Asanteni. Mshereheshaji amenitambulisha kama "kocha aliyeanzia shuleni". Nimeanzia shuleni, nipo shuleni, na Mungu akijaalia nitastaafia huko huko. Kila nikisema hivi, kwenye chai kuna mtu atanivuta pembeni: "Mwalimu, sasa timu ya wakubwa lini?" Kana kwamba kwa watoto nimesimama kusubiri basi.

Basi leo nimewaletea Morgan Wootten, kocha wa mpira wa kikapu wa Marekani. Alianza kufundisha DeMatha, shule ya Kikatoliki ya wavulana pale Hyattsville, Maryland, mwaka 1956. Akastaafu 2002. Shule ile ile. Alishinda mechi 1,274, akapoteza 192. Naona kalamu zinakimbia! Hizo namba mtazipata popote. Andikeni hili: alikuwa mwalimu wa historia. Kijana aliyefokewa uwanjani jioni, kesho yake yuko mbele yake darasani na daftari. Kocha wa kukodi wiki tatu kabla ya UMISSETA, mashindano yetu ya shule za sekondari, hana kesho yake ya namna hiyo.

Haya, hadithi ya Wootten na raketi. Walionisikia Morogoro wavumilie, nitaisimulia tena.

New York kulikuwa na shule inaitwa Power Memorial, na ndani yake kijana mrefu, Lew Alcindor. Ndiye huyo baadaye mkamjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Mwaka 1964 walikutana na DeMatha, Power wakashinda 65–62, Alcindor peke yake pointi 35. Marudiano yakapangwa Januari 30, 1965, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Maryland, watu zaidi ya 12,000. Power wanakuja wameshinda mechi 71 mfululizo.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nawajua. Nusu yetu tungehubiri: vijana, moyo, kujituma, mpira unadunda. Nusu nyingine wangekuwa kwenye simu wanatafuta mamluki wa miaka 24 mwenye sare ya kidato cha tatu. Msiangaliane.

Wootten alichukua raketi ya tenisi. Akampa mchezaji wake mrefu, akamsimamisha karibu na kikapu, raketi juu. Wengine wote kazi yao ni kutupa mpira upite juu ya ile raketi. Fikirini mazoezi yenyewe. Mtupo wa kwanza, paa! Wa pili, paa! Hakuna hotuba hapo. Mkono wenyewe unaanza kujirekebisha: mpira unapandishwa upinde mkubwa zaidi, unaachiwa mapema kidogo, bega linadanganya kulia kabla mguu haujaondoka chini. Mtoto anaacha kuitazama raketi, anatazama ringi. Siku ya mechi mkono wa Alcindor ulikuwa mrefu vile vile, ila haukuwa mgeni. DeMatha 46, Power 43. Alcindor akatoka na pointi 16.

Sasa mkono unanyooshwa kule nyuma, na swali nalijua: "Mwalimu, raketi tutaitoa wapi?" Fagio! Mimi natumia fagio la mti mrefu. Jipya, jamani, si lile la chooni. Mnacheka, lakini kuna shule hapa ina bajeti ya jezi mpya kila mwaka na haina fagio uwanjani.

"Lakini Wamarekani wana kumbi." Haya, nendeni Jersey City, St. Anthony. Bob Hurley alifundisha pale tangu miaka ya 1970, mchana akiwa afisa wa kuwasimamia watu waliohukumiwa kifungo cha nje. Shule haikuwa na ukumbi wake wa michezo. Kwa miaka mingi walifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa bingo. Bingo! Akachukua ubingwa wa jimbo la New Jersey zaidi ya mara 25, akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu mwaka 2010. Na kabla hamjapiga makofi: shule ilifungwa 2017 kwa kukosa fedha, vikombe vyote vikiwa kabatini. Kwa hiyo wakuu wa shule, mkija kupiga picha na kikombe, njooni pia siku ya kuomba nauli.

Turudi kwa mzee wangu Wootten. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha North Carolina State kilimtaka awe kocha wao. Akabaki shuleni. Kazi ikaenda kwa Jim Valvano, na 1983 Valvano akachukua ubingwa wa vyuo vya Marekani. Na walinzi wake wawili, Sidney Lowe na Dereck Whittenburg, walitoka wapi? DeMatha. Nani hapo alikuwa timu ya wadogo?

Lakini hao ni mastaa. Kinachoninyima usingizi ni kile cha benchi. Kwa takriban miaka 30, kila mchezaji wa Wootten aliyemaliza shule alipata nafasi ya kufadhiliwa chuo, hata yule aliyekuwa akiingia dakika mbili za mwisho. Kocha anaandika barua, anapiga simu, anamtafutia chuo kidogo kinachomfaa. Hapa kwetu, 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, Dar nzima ilijaa watu waliomgundua. Mtu wa zaidi ya futi saba anagunduliwa? Mimi namtafuta aliyewagundua wale wafupi waliokuwa wakidunda naye mpira, akawauliza matokeo ya hesabu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na la timu za wasichana, ambalo ni kubwa kuliko yote haya na ndilo hukatwa kila mwaka. Safari hii liwe la kwanza baada ya chakula. La vyeti vya kuzaliwa vya wale mamluki nimeshaligusa, wahusika wamesikia. La waamuzi niacheni, nina shinikizo la damu. Mwenye kipima muda cha mazoezi aniazime hadi saa kumi, changu kimekufa betri.