Chota kwa Kata: Kuitayarisha Kompyuta kwa Kazi ya Programu Huria

Mhadhara kwa vijana, Chake Chake, Pemba

Asalaam aleikum, vijana wangu. Najua wengi mmekuja mkitaraji nifundishe kuandika msimbo. Leo hatuandiki hata mstari. Tunatayarisha kompyuta tu kwa kazi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuusahihisha, maana hapo ndipo watu wanapokata tamaa.

Mimi mwenyewe nusura niache. Nilikuwa nyumbani Wete, bando la wiki nimejiunga usiku uleule, nikaandika git clone, amri ya kushusha mradi wote kutoka mtandaoni, nikakaa kutazama asilimia zikipanda. Themanini na kitu, umeme ukakatika, ruta ikazima. Uliporudi, nikaanza tena kutoka sifuri. Mara ya tatu bando likaisha. Nililaumu kila mtu isipokuwa nafsi yangu, kumbe clone ikikatika njiani haiendelei pale ilipoishia: inafuta ilichoshusha.

Git, programu inayotunza kila badiliko la mradi, aliitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 kwa kazi ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na desturi yake ni kumpa kila anayechota historia nzima ya mradi. Sasa wewe wataka kusahihisha neno moja la Kiswahili kwenye menyu. Mabadiliko ya miaka kumi na tano yakuhusu nini usiku huu? Chota kwa kata. Andika git clone --depth 1, halafu anwani ya mradi, upate hali ya leo peke yake. Mtandao ukitulia, git fetch --deepen 100, uongeze mabadiliko mia ya nyuma. Kesho mia nyengine. Ikikatika, umemwaga kata moja, mtungi uko palepale.

Kuna njia naipenda zaidi. Mwenzenu aliye mjini Unguja, mwenye mtandao mzuri, achote mradi wote, kisha aandike git bundle create mradi.bundle --all. Historia nzima inakuwa faili moja. Litie kwenye fleshi, lipande boti. Huku mnafanya clone kutoka faili hilo, na kwa git remote set-url origin mnaielekeza kompyuta kwenye anwani halisi. Baada ya hapo mnashusha mapya tu.

Vitegemezi, yaani vipande vya programu za wengine ambavyo mradi unavihitaji, navyo hula bando. Kwenye miradi ya lugha ya JavaScript, npm, programu inayoshusha vipande hivyo, huweka akiba ya ilivyokwisha kushusha. Ukiiongezea --prefer-offline hutafuta humo kwanza.

Wenye Windows, wekeni core.autocrlf kuwa true; ni mpangilio wa Git unaolinganisha alama za mwisho wa mstari, maana Windows huziandika tofauti. Mimi sikuweka, nikabadilisha neno moja, mabadiliko yakaonesha faili zima limeguswa. Msimamizi wa mradi aliniuliza kwa upole nilichokusudia. Niliona haya.

Na kabla hujagusa herufi, iwashe programu kama ilivyo, uendeshe majaribio yake yote. Likifeli moja sasa hivi, si kosa lako; usije ukakesha ukilitafuta kwako. Yakishapita, ndipo ufungue tawi jipya, njia ya pembeni ya kufanyia mabadiliko yako.

Haya, umeme upo. Fungueni laptopu, na mwenye fleshi aje huku mbele.