Hannah Duston: mzazi wa siku sita aliyetekwa mwaka 1697

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Naomba tuanze na mzazi. Hapa simaanishi baba na mama wa mtu, namaanisha mwanamke aliye kitandani, aliyejifungua juzi. Hannah Duston alikuwa na umri wa miaka 39, na kichanga chake, Martha, kilikuwa na siku sita. Kwetu angekuwa bado anakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Kando yake alikuwapo jirani mjane, Mary Neff, aliyekuja kumlea.

Ilikuwa tarehe 15 Machi 1697, Haverhill, koloni la Massachusetts, ukingoni kabisa mwa makazi ya Waingereza. Wafalme wa Uingereza na Ufaransa walikuwa vitani Ulaya, na huko Amerika vita vyao viliingia hadi uani kwa watu. Wafaransa wa Kanada walishirikiana na Waabenaki, wenyeji ambao ardhi yao walowezi walikuwa wakiimega mwaka hadi mwaka.

Asubuhi hiyo Waabenaki walikivamia kijiji. Mumewe, Thomas, aliwatanguliza watoto wengine, yeye akabaki nyuma yao na bunduki, wakaokoka. Hannah na Mary wakakamatwa. Martha aliuawa kwa kubamizwa kwenye mti. Mama yake akaendelea kutembezwa kuelekea kaskazini, theluji bado iko chini, na mwili ule ule wa uzazi.

Wanawake hao wawili walikabidhiwa familia moja: wanaume 2, wanawake 3 na watoto 7. Humo walimkuta Samuel Lennardson, kijana wa Kiingereza wa miaka kama 14, aliyetekwa Worcester mwaka 1695. Familia ile ilikuwa ya Kikatoliki na ilisali mara tatu kwa siku. Mateka waliambiwa kwamba wakifika kijijini watavuliwa nguo na kupitishwa katikati ya safu za watu wakichapwa.

Inasimuliwa kwamba Samuel alimuuliza mmoja wa wale wanaume mtu apigwe wapi ili afe kwa pigo moja, naye akamwonyesha. Usiku wa tarehe 30 Machi walikuwa wamelala kwenye kisiwa kidogo, pale mto Contoocook unapoingia Merrimack. Mateka watatu wakaamka, wakachukua vishoka, wakaua watu 10. Waliosalimika ni mama mmoja mwenye majeraha na mvulana mmoja. Kisha wakawachuna waliokufa ngozi za utosi pamoja na nywele, wakatoboa mitumbwi yote ila mmoja, wakateremka nao mto hadi nyumbani.

Kati ya hao 10, sita walikuwa watoto. Nimesoma masimulizi mengi ya kisa hiki, na karibu yote hukimbia haraka mahali hapa. Mimi siwezi. Majina yao hayakuandikwa popote, wakati la Martha tunalo.

Kwa nini wachune ngozi? Kwa sababu koloni lilikuwa likizilipia. Wakati huo sheria ya malipo ilikuwa imeshafutwa, lakini Thomas alipeleka maombi kwenye baraza, na mwezi Juni baraza likakubali: pauni 25 kwa ajili ya Hannah, na pauni 12 na shilingi 10 kwa Mary na kwa Samuel kila mmoja. Fungu la Hannah alikabidhiwa mumewe.

Mhubiri maarufu wa Boston, Cotton Mather, alimsifu kanisani. Hoja yake ilikuwa kwamba mahali ambapo hakuna sheria iliyomlinda, hakuna pia sheria iliyomkataza kuua. Sasa sikilizeni jambo hili. Miaka minne nyuma, mwaka 1693, mdogo wake Hannah, Elizabeth Emerson, alinyongwa Boston kwa kosa la kuua watoto wake mapacha wachanga, waliozaliwa nje ya ndoa. Aliyehubiri siku hiyo ni Mather huyo huyo.

Baadaye kikaja kizazi cha masanamu. Mwaka 1874 alisimamishiwa sanamu kwenye kile kisiwa, mkono mmoja una kishoka na mwingine una ngozi za vichwa. Mwaka 1879 Haverhill nako wakasimamisha yao. Angalieni miaka hiyo: ndiyo miaka ambayo jeshi la Marekani lilikuwa likiwapiga wenyeji wa magharibi na kuwafungia kwenye maeneo maalumu. Mama aliyelipiza kisasi alifaa sana wakati huo, na sidhani Hannah mwenyewe aliulizwa na mtu.

Maneno yake tunayo machache. Mwaka 1724, akiwa na miaka 66, aliomba kupokewa kwenye meza ya Bwana, na ungamo lake likaandikwa. Humo anashukuru kwa kutekwa kwake. Anasema ulikuwa wakati wa faraja kuliko wote aliopata kuwa nao, na kwamba alikumbuka Zaburi ya 118: “Sitakufa bali nitaishi.” Anasema pia kwamba alichelewa miaka mingi kuja mezani kwa kuogopa kutostahili kwake. Hakueleza kwa nini. Kisiwa hakitaji, wala Martha, wala wale sita.

Nakala ya ungamo hilo iko hapa mezani. Ni fupi sana. Atakayependa aje aisome.