Kutatua mgongano wa Git bila kufuta kazi ya mwenzio

Mambo vipi, karibuni tena. Leo tunakula sahani moja na kitu kinachowakimbiza wengi kwenye programu huria: mgongano wa Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi. Umetuma ombi la kuunganisha, unajibiwa haliungani. Usinune. Mwenzio kagusa mstari uleule, basi.

Kunakili repo (folda ya mradi na historia yake), kuishusha, kufungua tawi (njia yako ya pembeni ya kufanyia kazi), hayo naruka, mnayajua. Andika `git fetch upstream`, uchukue mapya ya wenzako. Upstream ni jina nililoipa repo mama. Halafu `git rebase upstream/main`, yaani kazi yako inapangwa upya juu ya kazi yao mpya. Enter... na huyo hapo, CONFLICT kwa herufi kubwa, kama anakudai kodi.

(Kibodi tamu, eeh? Ni ThinkPad, zile mitumba ninazouza. Tuendelee.)

Nafungua `sw.json`, faili ya tafsiri za Kiswahili. Samahani, dirisha linamulika... sasa mnaona. Mishale saba ya kushoto na neno HEAD, chini yake "Hifadhi". Kisha alama saba za sawasawa. Kisha "Tunza", tafsiri nyingine ya neno lilelile, na mishale saba ya kulia.

Simama hapo. Kwenye rebase, HEAD siyo yako. Ya juu ni ya wenzako, yako ni ya chini. Kwenye merge, yaani kuunganisha matawi bila kupanga upya, ndiyo HEAD inakuwa yako, ndipo watu wanapopotea. Mimi nilijifanya muungwana, nikafuta "yangu" nikaacha "ya mwenzangu". Kumbe nimefuta ya dada mmoja wa Vancouver, jioni yake nzima. Narudia: rebase, juu ni yao. Ukichanganyikiwa, `git rebase --abort`, unarudi ulikoanzia.

Oh, bando limekata. Hakuna shida, tunaendelea tu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianza Git Aprili 2005, wasanidi wa Linux walipoondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, chombo cha kazi hiyohiyo, na akaitengeneza hivi: kila mtu ana repo nzima kwake, pamoja na historia yake. Intaneti unaihitaji kuchukua na kutuma tu.

Mimi napenda "Tunza", lakini programu nzima inasema "Hifadhi", kwa hiyo naacha ya juu kwenye mstari huu. Nafuta yangu, nafuta alama zote. Zote! Ikibaki moja, faili ya JSON haisomeki. Hakikisha kwa kuzitafuta: `grep -n '=====' sw.json`. Si mnaona? Mstari wa 209, imebaki. Na nimetoka kuwaambia. Futa.

`git add sw.json`, `git rebase --continue`, dirisha la maelezo likifunguka uyahifadhi, tayari. Nimeweka bando la buku. Kutuma: `git push --force-with-lease`. Usiandike `--force` peke yake. Hiyo inafunika chochote. Yenye `-with-lease` inakataa kama kuna mtu katuma kitu kwenye tawi lako ambacho hujakiona.

Sasa maelezo kwenye ombi. Yule dada anakwenda kulala mimi nikinywa chai ya asubuhi, kwa hiyo swali la nusunusu linakula siku nzima. Usiandike "nimerekebisha". Naandika: "Nimeacha Hifadhi mstari wa 208 ili ilingane na menyu. Mistari mingine ya tawi langu sijaigusa. Ukipenda Tunza, nitabadilisha kote, siyo hapa tu."

Natuma... imekwenda. Akijibu nitabandika jibu hapo chini. Na ThinkPad zimebaki tatu.