Mizani Kwanza, Mashine Baadaye

Asanteni, mama zangu na dada zangu, na karibuni nyie vijana mliojibanza kule nyuma.

Kila mtu huniuliza: nina laki moja, ninunue nini nianze kuoka keki nyumbani? Na kabla sijafungua mdomo, ameshajijibu: mashine ya kukorogea. Nasema hapana. Siagi na sukari hupigwa kwa mwiko zikalainika vizuri tu, ni jasho lako. Ila mkono haupimi unga. Kikombe kilekile, ukimimina unga taratibu ni kama gramu 120. Ukiushindilia, unafika 150. Vikombe vitatu, umeshazidisha gramu 90, halafu unalaumu baking powder! Kwa hiyo nunua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu mojamoja. Palepale dukani weka kitu katikati yake, kisha pembeni, kisha katikati tena. Namba zikipishana, mrudishie mwenyewe.

Mabati ya keki pale Kariakoo yamejaa tele, msihadaike na mng'ao. Bonyeza kitako kwa vidole gumba, kikibonyea, liache. Lile la kitako cha kutoka, omba maji umimine humo. Likichuruzika, na rojo jepesi litachuruzika vilevile. Muuzaji atanuna kidogo, mwache anune. Bati jeusi huunguza mapema kuliko jeupe. Na inchi 10 si "kubwa kidogo" tu kuliko inchi 8: kina kikiwa sawa, linabeba zaidi ya mara moja na nusu.

Oveni? Si lazima. Sufuria nzito ya alumini, mfuniko unaokaa sawasawa, mchanga mkavu chini, moto robo saa, ndipo bati liingie. Makaa mengi yapalie juu ya mfuniko, chini bakiza machache, maana keki ya mkaa huungulia kitako. Sufuria zile zisizogandisha msizitumie kwa kazi hii. Na madirisha yawe wazi, mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Anayetaka oveni ya mezani aende dukani na bati lake, alijaribishe ndani. Pabaki vidole viwili kila upande. Umeme msiuogope sana: ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima bila kukatika inakula yuniti moja na nusu ya LUKU, na kwa kawaida hujizima na kujiwasha, hivyo inakula pungufu.

Cha kuogopa ni kile kitufe cha joto, kinadanganya. Sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja kwenye foili, oveni iwe imeshapata moto wa 175, subiri robo saa: ibaki chembechembe. Rudia kwa 190: iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 175, oveni yako ina moto kuliko inavyosema. Chukua kalamu, weka alama yako pembeni ya kitufe, ufuate hiyo.