Kichwa cha Ramadhani Si Njaa: Mhadhara wa Mwezi wa Shaaban, Unguja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka mapema: sogeeni mbele, nafasi zipo tele.

Waandaaji wamenipa mada pana, "kahawa na afya". Mimi sina mada pana. Nina jambo moja, nimelisema barazani, nimelisema redioni, hata harusini nimewahi kulisema, na leo nalirudia kwa sababu Shaaban imeshaingia na watu bado hawajalishika. Kile kichwa kinachokuumeni siku ya kwanza, ya pili na ya tatu ya Ramadhani, kwa wengi wenu si njaa. Ni kahawa. Mwili umeizoea, na ghafla umenyimwa.

Nimeuza dawa miaka mingi. Ukikaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa mjini, huhitaji kalenda kujua mwezi umeandama. Siku ya pili baada ya alasiri wanaanza kuingia watoto wametumwa: "Baba anasema apewe dawa ya kichwa." Mwaka mzima sivioni vichwa vingi hivyo kwa mpigo. Na wakitumwa na wazee wao wanakuja na masharti: "Kasema siyo ile nyeupe ya kawaida, anataka ile kali."

Nikueleze kisa cha fundi mmoja wa kushona, jirani yangu, kwa sababu kisa chake kina kila kitu ninachotaka kusema. Huyu bwana cherehani yake iko barazani, na muuza kahawa anapita hapo asubuhi, mchana na jioni. Unamsikia kabla hujamwona, anagonganisha vikombe mkononi, kaa-kaa-kaa. Fundi hasimamishi hata mguu wake kwenye cherehani, ananyoosha mkono tu na kikombe kinawekwa. Viwili vya asubuhi na kashata, viwili baada ya adhuhuri, vitatu vya jioni, halafu usiku anakwenda Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, kucheza bao, huko hakuna anayehesabu. Vikombe vidogo, ndiyo, vinaingia kwenye kiganja. Lakini ile kahawa inakaa kwenye dele, lile birika lake, juu ya makaa saa nzima, na hakuna mtu wa Unguja aliyewahi kunywa kikombe kimoja akaondoka.

Ramadhani ikifika, anafunga kama Muislamu yeyote. Siku ya kwanza alasiri kitambaa kiko kichwani, amekikaza fundo nyuma ya kisogo. Hataki kelele, mteja akizungumza anainua mkono. Magharibi inaadhiniwa. Anafuturu: tende, maji, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, samaki. Ameshiba. Amekunywa maji ya kutosha. Na kitambaa bado kipo kichwani! Sasa nakuulizeni, kama ni njaa, mbona ameshiba na kichwa bado kinauma? Kama ni kiu, mbona amekunywa na bado kinauma? Halafu linaletwa dele. Anakunywa viwili, vitatu. Haipiti saa, mkono unakwenda kisogoni, fundo linafunguliwa, na mtu anaanza kuzungumza. Mkewe ameliona hilo miaka yote. Yeye mwenyewe ukimuuliza anasema, "Njaa ile, mfamasia."

Na ile dawa kali anayoagiza wakati wa daku? Isomeni pakiti yake, maandishi madogo ya pembeni. Vidonge vingi vya maumivu vyenye neno "Extra" vina parasetamoli miligramu 500, na chini yake imeandikwa kafeini, kile kitu cha kahawa kinachokuweka macho, miligramu 65. Ukimeza viwili umekunywa miligramu 130 za kafeini. Kwa hiyo fundi wetu alikuwa anakunywa kahawa yake daku kwa njia ya kidonge, kisha anatangaza barazani kwamba dawa nyeupe haifai na ile nyengine ndiyo dawa. Mwili wake ulikuwa unamwambia ukweli na yeye akausoma vibaya.

Hili linaniudhi, na sitaficha. Linaniudhi kwa sababu vidonge hivyo vyenye mchanganyiko, mtu akivimeza siku 10 au zaidi kila mwezi, miezi ikipita vinaanza kuleta kichwa vyenyewe. Mtu anatoka Ramadhani na maradhi mapya aliyoyanunua kwa pesa yake, na jambo lote lilianzia kwenye kikombe ambacho angekipunguza pole pole nyumbani, bure.

Tuelewe kinachotokea. Ukiwa macho, ubongo unakusanya kitu kiitwacho adenosini. Kadiri saa zinavyokwenda ndivyo inavyozidi, inakwenda kukaa kwenye vipokezi vyake, na wewe unaanza kupiga miayo. Kafeini imefanana nayo kwa umbo. Inakuja na kukaa kwenye kiti cha mwenyewe, adenosini ikifika inakuta pamejaa. Uchovu uko pale pale, lakini hupewi habari. Sasa mtu akinywa kila siku, ubongo unaongeza viti. Ndiyo maana kikombe kimoja cha zamani hakikutoshi tena. Na siku kafeini isipokuja, adenosini inavikuta viti vyote vya zamani na vipya viko wazi. Mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini ilikuwa inaibana, inatanuka. Hapo ndipo kichwa kinapogonga, na usingizi, na hasira, na mtu hawezi hata kusoma mistari miwili ikamkaa.

Saa zake zinajulikana. Dalili huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, hufika kileleni kati ya saa 20 na 51, na huisha baada ya siku 2 mpaka 9. Pigeni hesabu wenyewe. Kikombe cha mwisho saa 4 usiku, mkesha wa siku ya kwanza ya kufunga. Ikifika alasiri ya kesho yake zimepita saa 18. Ndipo kitambaa kinapofungwa. Na wala haihitaji kahawa nyingi, miligramu 100 kwa siku zinatosha kumfanya mtu aumwe akikosa. Wataalamu wa maradhi ya akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2013, wameiandika hali hii ya kukosa kafeini pamoja na hali nyengine zinazotambuliwa rasmi. Si porojo za mfamasia wa Unguja.

Sisemi njaa, kiu na usingizi mchache havimo. Vimo. Lakini vingekuwa ndivyo peke yake, kichwa kingeuma mwezi mzima, maana njaa na kiu havipungui mfungo wa 20. Mbona kichwa kinaondoka baada ya wiki? Jibuni hilo.

Sasa najua kuna mama hapa anasema, "Mimi kahawa siinywi, mimi ni chai tu." Mama yangu, chai ina kafeini. Chai ya rangi ina kafeini, chai ya maziwa ina kafeini, chai ya tangawizi kama umetia majani ina kafeini, na ile ya kijani mnayoinywa ili mpungue nayo inayo. Kikombe cha chai ni pungufu kuliko kikombe kama hicho cha kahawa, lakini anayekunywa chupa nzima tangu asubuhi mpaka usiku amefika pale pale alipofika fundi.

Na kuna mzee atasema kahawa ni kinywaji cha watu wa dini. Kweli kabisa. Masufi wa Yemen katika karne ya 15 waliinywa wapate kukesha kwa dhikri, na mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, alipoipiga marufuku, marufuku yake haikudumu. Mimi sikuja kupiga marufuku. Kahawa ya baraza naipenda na nataka iendelee, maana pale ndipo watu wanapojuana hali. Lakini wale Masufi walikunywa wapate nguvu ya ibada. Wewe kahawa yako inakufanya ulale kwenye mkeka tangu adhuhuri mpaka magharibi na mwezi mtukufu unakupita.

Mwengine atasema amesoma kwenye simu kwamba kahawa inakinga kisukari na inafaa ini. Tafiti zipo, zinaonyesha wanywaji wa kahawa hupata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi. Lakini uhusiano huo umeonekana hata kwa wanaokunywa kahawa iliyotolewa kafeini. Kwa hiyo usinitajie kisukari kutetea kafeini.

La kufanya ni hili, na muda mnao, Shaaban haijafika katikati. Usiache ghafla. Ukiacha leo utaumwa leo badala ya Ramadhani. Jua kwanza unakunywa vingapi, vihesabu siku mbili bila kujidanganya. Kisha punguza kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, ukianza na vile vya mchana. Lengo ni kuingia Ramadhani ukiwa na kimoja au viwili tu, na ikiwezekana viwe vya magharibi. Kafeini kidogo sana inatosha kuuzuia ule uchungu wa kukosa, ndiyo maana kupunguza taratibu hakuumizi. Ukiwa na hiari, ulizia na buni inakotoka: robusta, ambayo ndiyo nyingi ya Kagera, ina kafeini takriban maradufu ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga.

Na ndani ya mwezi wenyewe, kunywa mara baada ya kufuturu, usingoje baada ya tarawehe. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi. Ya saa 3 usiku, nusu yake iko nawe saa 8 usiku, karibu na daku. Hukulala, na asubuhi unalaumu saumu. Kama hukuwahi kupunguza na Ramadhani imekukuta hivyo hivyo, basi kikombe kimoja kidogo cha daku ni bora kuliko vidonge. Nasema hivyo nikijua wapo watakaolishika hili tu na kuyaacha mengine yote.

Naambiwa muda umekwenda. Basi mengine nayapitia mbio, kila moja lilistahili jioni yake. Wajawazito: mwili wao huitoa kafeini polepole sana, miezi ya mwisho hasa, na inamfikia mtoto. Wasizidishe miligramu 200 kwa siku, na wakiweza chini ya hapo. Wenye upungufu wa damu: msinywe chai wala kahawa pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma, ngojeni saa moja au mbili. Vijana wa bodaboda na vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu: kopo dogo la mililita 250, yaani robo lita, huwa na kiasi cha miligramu 80, na nawaona mnafungua la tatu. Nyinyi nitakuja kuwatafuta kijiweni kwenu.

Mbadala. Hili watu hulifanya gumu, nasi tuko kwenye kisiwa cha viungo! Mchaichai upo uani kwa jirani. Mdalasini, iliki, karafuu, tangawizi mbichi iliyopondwa: chemsha bila majani ya chai, hakuna kafeini hata chembe. Rosela nayo haina, ila isije ikawa sukari ndiyo nyingi kuliko rosela, na anayemeza dawa za shinikizo la damu aniulize kwanza, kwa sababu rosela nayo hulishusha. Kahawa iliyotolewa kafeini inauzwa kwenye maduka makubwa, ghali, na bado ina kiasi kidogo kilichobaki. Kahawa ya soya, wanayoitumia sana Wasabato kule bara, ni nzuri na inashibisha.

Lakini ninayoipenda mimi kwa Ramadhani ni ya kokwa za tende, na hii ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanaijua. Kila nyumba hapa itatupa kokwa mwezi mzima. Msizitupe. Zioshe mpaka utelezi wote utoke, maana nyama ya tende ikibaki itaungua na kutia uchungu mbaya. Zianike juani siku mbili tatu mpaka zigongane kama kokoto. Zikaange kwa moto mdogo, ukizigeuza bila kuondoka, mpaka ziwe na rangi ya buni iliyoiva na harufu iwafikie majirani. Kwa kinu zitakutoa jasho, ni ngumu kweli kweli, bora kuzipeleka mashine ya kusaga. Kisha zichemshe kwenye dele lile lile, na tangawizi na iliki kama kawaida. Rangi ni nyeusi, uchungu upo kidogo, kashata inakwenda nayo vizuri. Mtu anakaa barazani na kikombe chake mpaka usiku wa manane na bado analala.

Nimeleta kiasi kwenye chupa ile ya bluu, iko pale mezani karibu na kina mama, na vikombe vipo. Onjeni kwanza, kisha tuchukue maswali. Mwenye pakiti ya dawa mfukoni aje nayo tuisome pamoja.