Uchokozi Umepimwaje?

Ndugu wasikilizaji, mtu akiwaambia utafiti umethibitisha kwamba magemu ya kuuana huzaa uhalifu, muulizeni kwanza: uchokozi huo umepimwaje?

Kipimo kilichotumika sana maabara ni hiki. Mshiriki hucheza gemu kwa muda mfupi, kisha huambiwa ashindane na mtu aliye chumba cha pili, nani atawahi kubonyeza kitufe. Anayewahi humpigia mwenzake kelele masikioni. Mshiriki huchagua mwenyewe ukali wake, mara nyingi kati ya desibeli 60 na 105, na idumu muda gani. Raundi kwa kawaida ni 25. Chumba cha pili hakuna mtu. Kompyuta imeshapanga nani ashinde raundi ipi.

Shida iko kwenye hesabu. Mtafiti huyu huchukua ukali wa kelele, yule muda wake, mwingine huzidisha vyote viwili. Kuna wanaotazama raundi ya kwanza tu, na wanaotafuta wastani wa zote. Malte Elson, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alipitia machapisho 130 yaliyotumia kipimo hiki akakuta njia 157 za kukokotoa. Kwa njia zote hizo, mtafiti hakosi moja ya kumpa jibu analolitarajia, hata kama hana hila. Tena kelele ya sekunde chache si kumchoma mtu kisu.

Mwaka 2019 watafiti Andrew Przybylski na Netta Weinstein waliziba mwanya huo kwa kusajili mpango wa uchambuzi mapema, yaani kutangaza namna watakavyokokotoa kabla ya kuona matokeo. Vijana 1,004 wa Uingereza, wa miaka 14 na 15, walitaja magemu wanayocheza. Ukatili wa gemu ulipimwa kwa madaraja rasmi ya magemu, na tabia ya kijana ikaelezwa na mzazi au mlezi. Uhusiano kati ya ukatili wa gemu na uchokozi wa kijana haukuonekana. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani nacho kilitamka mwaka 2020 kwamba kuna uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana, ila ushahidi wa kuyahusisha magemu na vitendo vya ukatili hautoshi.

Hata hivyo, mzazi anayesema mwanawe huinuka kwenye gemu amefura hasemi uongo. Mwaka 2014 Przybylski na wenzake waliitumia hata Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, isiyo na tone la damu, wakaifanya ngumu makusudi. Walioshindwa kuumudu mchezo ndio waliotoka na hasira. Kwa hiyo mtoto akitupa pedi ukutani, angalieni kama vitufe amevizoea, kama hatua aliyofika imemzidi kimo, na nani anamtukana kwenye hedifoni.